Jina la kujipamba na jina la kujifichia

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu utambulisho wa waandishi wa blogu za Kiswahili. Nimekusanya maandiko ya waandishi 14, na tisa kati yao hawatumii majina yao. Msimamizi wangu ananibana: nitajuaje kama kweli ni wanawake, au kama wanaishi wanakosema? Mmoja, yule wa saba, nimeshamgundua ni nani. Je, nimtaje? Halafu natakiwa niandike sura ya tafakuri juu ya safari yangu ya utafiti, na mimi mwenyewe nimekuwa nikichangia kwenye kurasa zao kwa jina la bandia. Nianzie wapi? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, mazoea ya ualimu hayatoki. Kitu cha kwanza nilichokifanya ni kulifuta lile jina halisi la mwandishi wako wa saba. Sababu nitaieleza mbele kidogo. Kwa sasa nakuomba na wewe ulifute, kwenye daftari, kwenye kompyuta na kwenye ile flashi unayoibeba, leo kabla hujalala.

Tuanze na msimamizi, maana naona ndiye anayekunyima usingizi. Anataka kujua kama huyu anayejiita mama wa watoto watatu wa Tandika ni mama kweli, ana watoto watatu kweli, na yuko Tandika kweli. Hutajua, na wala huhitaji kujua. Hufanyi sensa. Unachunguza jinsi mtu anavyojijenga kwa maneno mbele ya watu asiowaona, na ujenzi huo uko pale pale kwenye maandishi, hauko nyumbani kwake. Anapoandika "sisi akina mama wa uswahilini" ameshakupa kazi ya wiki nzima. Hao "sisi" ni akina nani? Nani ameachwa nje ya mlango? Kwa nini amesema "mama" na hakusema "mwanamke"? Kwa nini anasema "uswahilini" kwa kujivunia, wakati mwandishi wako wa pili analitumia neno hilo hilo kama tusi?

Lakini usiende kumjibu mzee wa watu kwa kiburi, kwa sababu swali lake lina haki ndani yake. Kwenye kurasa ulizonitumia umeandika mara tatu "wanawake wa Tandika wanaona kwamba..." Hapo umeteleza. Umetoka kwenye maandishi ukaingia mtaani bila kupita mlangoni. Andika "mwandishi anayejitambulisha kama mama wa Tandika anasema kwamba". Ni ndefu, inachosha kuisoma, lakini ndiyo unayoweza kuisimamia siku ya kuitetea tasnifu yako.

Ukitaka kujua mteremko huo unaishia wapi, soma habari za Amina. Mwanzoni mwa 2011, wakati Syria inaanza kuwaka, ilijitokeza blogu ya Kiingereza ya msichana wa Dameski anayependa wasichana wenzake, akisimulia maandamano, hofu, na baba aliyewakabili askari usiku mlangoni. Magazeti makubwa ya Ulaya na Marekani yalimnukuu. Juni mwaka ule mtu aliyejiita binamu yake akatangaza kwamba Amina ametekwa, na watu wakaanza kampeni za kutaka aachiwe. Siku chache baadaye waandishi wa habari na watu wa kawaida waliokuwa wakifuatilia nyuzi wakagundua kwamba picha zilizosambazwa zilikuwa za mwanamke mwingine kabisa aliyeko London, na kwamba alama za kompyuta zilizotuma barua pepe zinaelekeza Edinburgh. Amina alikuwa Tom MacMaster, Mmarekani wa miaka 40, mwanafunzi wa uzamili kama wewe.

Watu wengi wakisimulia kisa hiki husema: unaona, mtandaoni hakuna wa kuaminika. Mimi naona kingine. Mtafiti ambaye angeandika "hivi ndivyo wasichana wa Dameski wanavyoishi" angeaibika. Ambaye angeandika "hivi ndivyo msichana wa Dameski anavyotengenezwa kwa Kiingereza ili msomaji wa nchi za Magharibi amwamini" asingefuta hata sentensi moja baada ya ukweli kutoka. Zaidi ya hapo, angekuwa ameshaanza kuona kwamba Amina anaaminika kupita kiasi, anasema kile kile msomaji anachotamani kusikia.

Sasa nije kwenye kosa ambalo msimamizi hakuliona. Umewachukua wale tisa ukawatia kapu moja ukaliandika "wasiotumia majina yao". Kapu hilo limechanganya mchele na chuya. Kuna jina la kujipamba na kuna jina la kujifichia, na sisi watu wa Kiswahili tumekuwa na yote mawili kabla kompyuta haijafika kwetu.

Nenda maktaba ukaombe nakala za zamani za Mambo Leo, gazeti lililoanza Tanganyika mwaka 1923. Utakuta washairi wametia lakabu chini ya beti zao. Mtu hakutaka kufichika hata kidogo. Alitaka ajulikane kwa jina alilojichagulia, ili mshairi wa mji mwingine akitaka kumjibu au kumtupia fumbo ajue wa kumwelekea. Ahmad Nassir Juma Bhalo wa Mombasa ni Malenga wa Mvita, na hakuna aliyedhani kwamba Malenga wa Mvita ni mtu mwingine. Lakabu ilikuwa kilemba, si ushungi.

Au chukua kadi za salamu za redio. Wewe ni kijana, lakini muulize mama yako. Mtu wa Kilosa alinunua kadi, akaijaza, akajiita mfalme wa kitu fulani au mzee wa jambo fulani, akaweka na sanduku lake la posta, akawasalimu watu ishirini ambao nusu yao hajawahi kuwaona, nao wana majina ya namna hiyo hiyo. Mtangazaji anayasoma yote kwa pumzi moja. Urafiki wa miaka ulijengwa hivyo, vyama vya wapiga salamu vikaundwa, watu wakaanza kuzikana na kuchangiana harusi. Nikisoma makala za Kimagharibi zinazosema kwamba intaneti ndiyo iliyoleta utambulisho wa kujitungia, huwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Ile blogu ya Issa Michuzi iliyoanza 2005 ilirithi kitu hicho moja kwa moja. Mwenyewe aliitwa Ankal, wasomaji wakawa wadau, na mtu akituma picha ya mitaa ya Ulaya yenye theluji anasaini "mdau wa Ughaibuni". Jina hilo halimfichi mtu, linamkaribisha barazani. Lilinganishe na Ndesanjo Macha, mmoja wa waliotangulia kabisa kublogu kwa Kiswahili, ambaye aliuita ukurasa wake Jikomboe huku jina lake mwenyewe likiwa wazi. Huko aliyevaa lakabu ni ukurasa, mwandishi hakuvaa kitu. Kwa Wakenya nako utakuta Ory Okolloh akiandika kama Kenyan Pundit, jina la kazi anayoifanya, na watu wote wanamjua ni nani.

Kwa hiyo rudi kwa wale tisa, umwulize kila mmoja: hili jina linamfanyia nini? Kwa niliyoyaona kwenye vipande ulivyonitumia, watano wanajipamba. Wanaweka picha zao, wanataja shule walizosoma, mmoja hata ametangaza harusi yake na ukumbi. Hao ukiwaficha kwenye tasnifu unawadhulumu, maana umechukua kazi ya mtu ukaifuta saini. Waandikie, uwaombe, uwanukuu kwa lakabu zao. Wanne waliobaki ndio wanaojificha, na wa saba ni mmoja wao.

Umenisimulia kwa furaha jinsi ulivyompata, na furaha yako naielewa, nimewahi kuionja. Aliandika "leo tumemzika baba mdogo", wewe ukatafuta matangazo ya vifo ya wiki ile. Kwenye picha ya kikombe cha chai nyuma kuna dirisha, na dirishani kuna mnara. Ukajumlisha. Kazi nzuri ya upelelezi, na haihusiani na tasnifu yako. Niambie ni hoja gani katika sura ya nne inayohitaji jina lake. Nimeitafuta sijaiona.

Na jina hilo si kitu chepesi. Desemba 2016 polisi walimkamata Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, mtandao ulioanza 2006, baada ya kukataa kuwapa utambulisho wa watu walioandika humo. Kesi ilikwenda miaka. Aprili 2020 alitiwa hatiani kwa kuzuia uchunguzi wa polisi, akapewa faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Mtu huyo aliburutwa mahakamani miaka yote hiyo kwa kulinda majina ya watu asiowajua sura. Wewe jina kama hilo unalo kwenye flashi isiyo na neno la siri, na hakuna aliyekulazimisha kuwa nalo. Hata kama mwandishi wako wa saba haandiki siasa, anaandika juu ya mkwe wake, na mkwe naye ana simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu pia. Lakini nisingependa uache kumtaja kwa kuogopa sheria tu.

Nikuambie lililonikuta mimi. Miaka kadhaa iliyopita niliwasilisha makala kwenye kongamano. Nilimnukuu mwanamke aliyekuwa akiandika kwa jina la bandia kuhusu ndoa iliyomshinda. Nilikuwa mwangalifu, au nilidhani hivyo: hata lile jina la bandia nililibadilisha, nikamwita Bi. K. Sentensi yake niliiacha kama ilivyo kwa sababu ilikuwa nzuri mno, ilikuwa na funguo zilizowekwa juu ya meza bila sauti. Kabla sijafika slaidi ya mwisho, kijana mmoja wa kiti cha nyuma alikuwa ameinama kwenye simu, akamgusa jirani yake, wakaangalia pamoja, wakaninyanyulia macho. Alikuwa ameiandika ile sentensi Google. Baada ya wiki mbili ukurasa wa Bi. K haukuwepo tena. Sikupata ujasiri wa kumwuliza kwa nini.

Jambo hili kwa Kiswahili ni baya kuliko kwa Kiingereza, na vitabu vya mbinu za utafiti mnavyosomeshwa havilisemi kwa sababu havikuandikwa na sisi. Sentensi ya Kiingereza ya maneno manane inaweza kuwa na ndugu zake wengi. Ya Kiswahili ukiifunga kwenye alama za kunukuu ukaitafuta, mara nyingi inarudi moja tu, pamoja na mwenyewe. Maandishi yetu mtandaoni bado ni machache, kwa hiyo kila sentensi ni alama ya kidole.

Na usidhani kuondoa jina la mtu na la mahali kunatosha. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitoa hadharani data za Facebook za wanafunzi zaidi ya 1,600 wa chuo kimoja. Majina yameondolewa, chuo hakikutajwa. Haikupita muda kikajulikana ni Harvard, kwa sababu orodha ya fani ilikuwa na majina ya masomo yanayopatikana huko tu. Michael Zimmer aliandika juu ya mkasa huo 2010, mtafute. Kisha utazame jedwali lako la pili, ulipoandika "muuguzi, mzaliwa wa Ukerewe, anayeishi Muscat, shabiki wa taarabu". Wako wangapi, mwanangu?

Ufanyeje, basi? Kwa wale wanne, simulia kwa maneno yako. Ukimaliza, chukua hayo maneno yako uyatafute Google. Ikimrudisha yeye, andika upya. Yale yasiyohusu hoja yabadilishe: Ukerewe ikawa kisiwa, uuguzi ikawa kazi ya hospitali. Mtafiti Annette Markham alikwenda mbali zaidi mwaka 2012, akapendekeza kwamba mtafiti anaweza kuunganisha watu kadhaa akatengeneza mmoja ambaye hayupo, mradi aseme wazi kwamba amefanya hivyo na kwa nini. Wahakiki wengi hawajalizoea jambo hilo na msimamizi wako atakunja uso, kwa hiyo zungumza naye kabla hujaandika, si baada. Na pale ambapo hoja yako imesimama juu ya maneno yenyewe, kama unapochambua jinsi wa saba anavyochezea "nshachoka" na "nimechoka" katika aya moja, hapo huna ujanja, itabidi umwombe ridhaa. Kwa jina lako la kweli.

Hapa ndipo tunafika kwako. Miezi minne umekuwa ukichangia chini ya maandiko yao kama mwandishi chipukizi wa Singida. Hujawahi kuishi Singida. Unaniuliza kama hili liingie kwenye sura ya tafakuri au lifichwe. Ndilo sura yenyewe! Rasimu uliyonitumia ina kurasa tatu za "changamoto za utafiti": mtandao dhaifu, umeme kukatika, ufinyu wa muda na fedha. Nimezisoma hizo kwa miaka ishirini, nazijua kama sala. Hakuna mtahini atakayejifunza kitu humo.

Andika badala yake kwa nini ulichagua Singida. Uliona Dodoma inanuka chuo? Andika ulivyobadilisha Kiswahili chako: kwenye barua yako kwangu umesema "ninaomba mwongozo wako", na kwenye mchango ulionakilia umeandika "mi mwenzenu bado najifunza jamani msinicheke". Hilo "jamani" ulilitoa wapi? Nani alikuambia kwamba mwandishi chipukizi anapaswa kuomba asichekwe? Ulitengeneza mtu, ukampa mji, aibu na lahaja, na ulifanya hivyo kwa vifaa vile vile wanavyovitumia hao unaowachunguza. Hujawahi kuwa na data ya karibu kuliko hiyo. Andika pia siku uliyoanza kumpenda yule wa Singida, maana kwa unavyosimulia naona ilifika.

Kisha kuna jambo zito. Wawili kati yao walikuandikia faraghani, mmoja akakueleza habari za mimba iliyotoka. Alimweleza yule wa Singida, hakumweleza mtafiti. Ujumbe huo hauingii kwenye tasnifu kwa namna yoyote, hata kwa kuficha jina, mpaka umwambie wewe ni nani na akubali. Huenda akakasirika, akakufungia, na ukampoteza kabisa kwenye sampuli. Pokea hivyo, uandike na hilo. Michango uliyoitoa hadharani ni nafuu kidogo, lakini nayo weka wazi kwenye sura ya mbinu kwamba baadhi ya mazungumzo unayoyachambua uliyaanzisha mwenyewe. Mara ngapi? Hesabu.

La mwisho, dogo. Hifadhi nakala za kila andiko pamoja na tarehe ulipolisoma, maana kurasa hufa. Tazama na Wayback Machine, ghala la kurasa za zamani. Blogu kadhaa za Kiswahili za miaka ile zinapatikana humo zikiwa na picha nusu. Lakini mtu akifuta ukurasa wake kwa makusudi, usimfufue kwenye kiambatisho.

Nilitaka kufunga hapa, nikaona tena maelezo chini ya jedwali la kwanza: mwandishi wa kumi na nne umemwondoa, "data pungufu, aliacha kuandika Juni 2018". Mwanangu, unakumbuka mwaka huo? Machi zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni; mwenye blogu akatakiwa ajisajili TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na alipe ada zilizofika kama shilingi milioni 2.1, na asiyefanya hivyo faini yake ilianzia milioni 5. Juni yenyewe JamiiForums ilijifungia kwa muda. Mtu aliyekuwa akiandika bure usiku baada ya kulaza watoto, kwa jina la kujifichia, alitakiwa aamue kama atajitokeza kwa jina lake na pesa hiyo mkononi. Huyo si data pungufu. Mrudishe. Na andiko lake la mwisho kabla ya kunyamaza hukuniambia lilikuwa juu ya nini, wala alisaini vipi. Nitumie, bila jina.